Kalamu ya Risasi na Kalibu ya Kioo

Kalamu ya risasi haina risasi, wala haijapata kuwa nayo. Jina hilo ni ukumbusho wa kosa la kale, kwani watu wa Ulaya walipoliona mara ya kwanza lile jiwe jeusi, laini, lenye kung'aa na kuchafua mikono, walidhani ni namna ya madini ya risasi. Waarabu nao huiita kalamu hiyo vivyo hivyo, nasi hatukuachwa nyuma. Mwaka 1779 Scheele, mwanakemia wa Uswidi, alionyesha kwamba jiwe hilo ni jamaa ya mkaa. Na mwaka 1789 Mjerumani aitwaye Werner akalipa jina la grafaiti, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kuandika.

Lakini habari ninayotaka kuisimulia hapa si ya kuandika, bali ni ya kalibu.

Katika karne ya 16 grafaiti safi sana iligunduliwa katika bonde la Borrowdale, kaskazini ya Uingereza. Wachungaji wa huko waliitumia kutia alama kondoo wao, na pengine ingalibaki kuwa kitu cha wachungaji, kama wafua mizinga wasingalitambua sifa yake moja: haiyeyuki kwa joto la tanuri la chuma. Wakaitandaza ndani ya kalibu za tufe za mizinga, na tufe zikatoka laini, za mviringo kamili. Tangu hapo jiwe la wachungaji likawa jambo la serikali. Wachimbaji walipekuliwa nguo watokapo shimoni, na mwaka 1752 Bunge likatunga sheria iliyofanya wizi wa grafaiti kuwa kosa kubwa, ambalo mtu aliweza kuhamishwa ng'ambo kwa ajili yake. Hebu fikiri: mtu kutengwa na mkewe na watoto kwa sababu ya kitu ambacho leo kila mtoto wa shule hukitafuna mwishoni mwa kalamu!

Sasa tuache mizinga, tuje kwa wapuliza kioo. Ufundi wa kupuliza kioo kwa bomba ulianza katika nchi za Shamu, yapata miaka 50 kabla ya kuzaliwa Kristo, na haukupita muda mrefu mafundi wakaanza kukipulizia kioo ndani ya kalibu. Mmoja wao, Ennion, ambaye yaaminika alifanya kazi Sidoni katika karne ya kwanza, alichonga jina lake katika kalibu zake, na kwa hiyo vikombe vyake vyajulikana hata leo.

Shida yao ilikuwa moja. Kioo kitokacho tanuruni, chenye joto la nyuzi 1,000 na zaidi, hunata kama asali. Kalibu ya chuma ikipata moto kupita kiasi, kioo hushikamana nayo. Ikiwa baridi mno, kioo hukunjamana usoni kama ngozi ya mzee. Wapulizaji wa Ulaya walipata dawa katika mti wa mcheri na mpeasi. Walichonga kalibu ya mbao, wakailoweka majini, na kioo kilipoingia kiliteleza juu ya mvuke na juu ya utando mwembamba wa mkaa, kwa kuwa mbao yenyewe ilikuwa ikiungua. Hapo ndipo penye jambo ninaloliona la ajabu. Kwa mamia ya miaka kilichowaokoa kilikuwa ni kaboni, nao hawakuijua kwa jina. Ila kalibu ya mbao haidumu. Kila chombo huila kidogo, hata umbo likapotea.

Grafaiti ya Borrowdale ilikuwa adimu mno kwa kazi kama hiyo. Mabadiliko yalitoka Marekani, na yalitokea kwa bahati. Edward Acheson, aliyewahi kufanya kazi kwa Edison, alikuwa akitengeneza kwa umeme mawe makali ya kunolea. Alipozidisha joto la tanuri lake, aliona kwamba silikoni imegeuka mvuke na kutoweka, na kilichobaki ni grafaiti safi. Alipata hataza yake mwaka 1896, na umeme wa maporomoko ya Niagara ukamwezesha kuitengeneza kwa wingi. Siku hizo zikawa mwisho wa kuitegemea milima peke yake, ijapokuwa milima bado inayo: kule Mererani, Tanzania, wachimba tanzanaiti hutoka shimoni weusi tititi kwa vumbi lake.

Hata hivyo kioo chenyewe kilikuwa bado ni kazi ya viwandani. Msanii alichora, na mfanyakazi akapuliza. Mnamo Machi 1962, katika gereji ya jumba la makumbusho la Toledo, Ohio, mwalimu wa ufinyanzi Harvey Littleton alikusanya watu wachache kuona kama msanii aweza kuyeyusha na kupuliza kioo mwenyewe katika tanuri dogo. Kioo cha kwanza kilikataa kabisa. Dominick Labino, mtaalamu wa viwanda vya kioo, akawapa gololi za kioo ziyeyukazo kwa urahisi. Na Harvey Leafgreen, mpulizaji mzee aliyekwisha kustaafu, akawaonyesha jinsi ya kulishika bomba. Bila mzee huyo wasomi wale wangaliendelea kupuliza hewa tupu.

Msanii aliyetoka kiwandani aliacha nyuma mafundi wa kalibu. Nani sasa amchongee? Hapa ndipo grafaiti inapofaa, maana hukubali msumeno, tupa, keekee na mashine ya kukereza. Fundi huchagua bonge lenye chembe ndogo, akalikereza kavu, bila maji wala mafuta. Ncha ya chombo ikitoka ukingoni kwa haraka, ukingo humeguka, kwa hiyo humalizia polepole, kisha akasugua kwa msasa laini. Mdomo wa kalibu lazima uwe mpana kuliko kitako chake, la sivyo kioo hunaswa ndani. Kazi ikiisha, kalibu hupashwa moto kwanza, na kioo huingia na kutoka bila kunata.

Vumbi lake ndilo adui. Huingia mapafuni, na kwa kuwa hupitisha umeme, huingia pia katika mota za mashine na kuziunguza. Karakana yenye busara huwa na bomba la kulifyonza palepale chombo kinapokata, na fundi hujifunika pua na kinywa.

Wala kalibu ya grafaiti haiishi milele. Ikipita joto la nyuzi 500 hivi katika hewa, huanza kuungua polepole, bila mwali, na uso wake huota vijishimo. Fundi huirudisha kwenye mashine, akaukwangua uso kidogo, unene wa ukucha tu, na asubuhi ya pili inarudi tanuruni.