Tibakemikali ya Kipimo Kikubwa na Upandikizaji wa Seli Shina katika Saratani ya Matiti

Ni namna ya matibabu iliyoenea hasa Marekani katika miaka ya 1980 na 1990, ambayo mgonjwa hupewa dawa za kuua saratani kwa kipimo kinachopita mara kadhaa kile cha kawaida, kisha akarudishiwa seli shina za damu yake mwenyewe, zilizotolewa na kugandishwa kabla ya dawa kuingia mwilini.

Dhana iliyoizaa ilikuwa na mantiki, na ndiyo maana ikawavuta matabibu wenye ilimu na uzoefu. Dawa kama siklofosfamidi, thiotepa na kaboplatini huua seli zinazozaana upesi, na katika maabara ilidhihirika kuwa kadiri kipimo kinavyozidi ndivyo seli za saratani zinavyoteketea. Lakini uboho, ambao ndio asili ya damu, nao huzaana upesi, basi huangamia kabla maradhi hayajakwisha. Seli shina zikitolewa mapema katika mfupa wa nyonga, au, kama ilivyokuja kuwa desturi baadaye, zikachujwa katika damu baada ya mgonjwa kudungwa dawa ya kuzichochea, tabibu aliweza kupandisha kipimo pasi na kuuchelea uboho. Mgonjwa naye alitengwa chumbani muda wa wiki kadhaa, hana chembe nyeupe za kumkinga, kinywa kimejaa vidonda na homa yamnyemelea, mpaka seli zilizorudishwa zishike na kuanza kutengeneza damu. Katika vituo vingine vya awali zaidi ya mgonjwa mmoja katika kila kumi aliuawa na tiba yenyewe.

Kosa la asili lilikuwa katika mizani. Waliopewa tiba hii walichaguliwa miongoni mwa wenye umri mdogo na moyo imara, ambao saratani yao ilikwisha kuonyesha dalili ya kuitikia dawa, kisha wakalinganishwa na wagonjwa wa zamani wa kila hali. Na wateule hao, aghalabu, wangaliishi zaidi kwa tiba yoyote ile. Ithibati ya kweli ilitaka wagonjwa wagawanywe kwa kura, nusu tiba mpya na nusu ya kawaida, lakini ni nani aliyekabiliwa na mauti angeridhia kura hiyo, ilhali hospitali zilikuwa tayari kumpa anachokitaka? Kampuni za bima zilikataa kulipa, kwa hoja kwamba jambo lingali majaribio, hata mwaka 1993 mahakama moja ya California ikaamuru kampuni ya Health Net iwalipe jamaa za mwanamke aliyenyimwa gharama hizo dola milioni 89. Tangu hapo bima nyingi zililegea, majimbo kadhaa yakazilazimisha kwa sheria, na wanawake zaidi ya 20,000 wakatibiwa, wengi wao nje ya utafiti wowote. Hivyo majaribio ambayo yangalitoa hukumu mapema yakakosa watu.

Hukumu ilifika Mei 1999, katika mkutano wa matabibu wa saratani mjini Atlanta. Kati ya majaribio matano yaliyosomwa, manne hayakuonyesha kuwa tiba hii huongeza umri. La tano tu, la Werner Bezwoda wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, ndilo lililoisifu. Wakaguzi kutoka Marekani walipomwendea mapema mwaka 2000 hawakuzikuta kumbukumbu za kutosha, naye akakiri kuwa alipotosha habari za utafiti wake. Makala yake ya mwaka 1995 ikafutwa mwaka 2001. Mwaka 2000 huohuo ilichapishwa ripoti ya jaribio la Philadelphia juu ya saratani iliyokwisha kutapakaa: baada ya miaka mitatu walikuwa hai asilimia 32 ya waliopandikizwa na asilimia 38 ya waliopewa dawa za kawaida, tofauti isiyozidi bahati nasibu.

Uchambuzi wa mwaka 2011, uliokusanya majaribio 15 yenye wagonjwa 6,210 ambao saratani yao haikuwa imetapakaa mwilini, ulikuta kuwa maradhi yalichelewa kidogo kurejea, bali umri wa kuishi haukuongezeka kwa kiasi cha kutegemewa. Tiba hii ingali ikitumika katika mailoma na baadhi ya limfoma, ambako manufaa yake yamethibiti. Katika saratani ya matiti imeachwa.