Senti 27

Kuna mzee hapa Bura ambaye ukikaa naye chini ya mwarubaini lazima akupe hadithi ya maji. Alikuja mwanzoni mwa miaka ya 1980, mmoja wa wakulima waliotolewa kona nyingi za Kenya kuja kupanda pamba kwenye skimu. Karatasini, mradi ulikuwa wa hekta 6,700, kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Hata nusu haikulimwa. Maji yalivutwa kutoka mto Tana na pampu za dizeli kule Nanigi, na pampu zilipochoka, skimu ikakauka. Mathenge ikamea ndani ya mifereji. Majirani wakafunga virago, yeye akabaki akichoma makaa. Miaka ya 2000 maji yakarudi. Leo ana mahindi ya mbegu palepale.

"Walioenda walikuwa na akili," husema. "Mimi nilikuwa na shamba."

Huwa namkumbuka kila nikisoma habari za wenyehisa wa Mumias.

Kampuni hiyo ya sukari ilianzishwa 1971 huko magharibi, na mwaka 2001 serikali ikauzia wananchi hisa zake kwa shilingi 6.25 moja. Mwanzo haukuwa mtamu, bei ikateremka chini ya hapo. Walioogopa wakauza. Halafu ikapanda, na Desemba 2006 serikali ilipouza fungu lingine, hisa moja ilikuwa shilingi 49.50. Hebu piga hesabu: mtu aliyeweka 6,250 akanyamaza miaka mitano alikuwa na 49,500. Aliyeuza kwa hofu alikuwa na hadithi ya kujichekesha nayo.

Mimi naona tatizo lilianzia hapo, kwenye ushindi. Watu hupenda kusema waliong'ang'ania Mumias walikuwa wajinga au walafi. Bana, hao walikuwa wanafunzi wazuri. Soko liliwafunza kwamba bei ikishuka, unakaza roho, na somo likalipa.

Huku kwetu pia jina hilo lilikuwa kubwa. Mwaka 2008 Mumias na TARDA walikuwa na mpango wa mashamba ya miwa ya hekta 20,000 kwenye delta ya Tana, upande wa Garsen. Wafugaji na wakulima waliotegemea nyasi na maji ya delta wakapinga, kesi ikafika Mahakama Kuu ya Malindi. Kiwanda hakikujengwa. Lakini ukiwa na hisa, kampuni inayotaka hekta 20,000 unaionaje? Unaona inakua tu.

Dalili zikaanza kumwagika. Faida ya karibu bilioni 2 ya mwaka 2012 ikageuka mwaka uliofuata kuwa hasara ya zaidi ya bilioni 1.6. 2014 mkurugenzi mkuu akaondolewa, na ukaguzi wa KPMG ukaibua maswali kuhusu sukari iliyoagizwa kutoka nje. Wakulima walikuwa hawalipwi, wengine waking'oa miwa. Na bado hisa zilipata wanunuzi kila siku ya soko! Kwa shilingi mbili, kwa moja, kwa senti. Hazina ya Serikali ilikuwa na asilimia 20, na 2015 ikaanza kutoa pesa za kuikoa, kwa hivyo wasee wakasema: serikali haiwezi kuacha hii ife.

Naelewa hiyo akili kwa sababu nimeishi ndani yake. Nilipokuwa chuo, kabla sijaacha, nilinunua hisa za kampuni nyingine, sitaitaja, kwa pesa ambazo hazikuwa za hisa. Kila habari mbaya ilipotoka niliisoma nikitafuta sentensi moja nzuri. Na ilikuwepo kila mara. Kuuza kungekuwa kukubali kwamba pesa imeenda. Kabla ya kuuza, imepotea kwenye simu tu.

Mwaka 2018 hasara ya Mumias ilifika bilioni 15.1. Septemba 2019 benki ya KCB ikaweka meneja wake kuishika kampuni kwa sababu ya deni, na baadaye mwaka huo hisa zikasimamishwa sokoni. Bei ya mwisho: senti 27. Aliyenunua hisa 1,000 mwaka 2006 alikuwa amepewa nyingine 2,000 za bonasi njiani, kwa hivyo 49,500 zake sasa zilikuwa 810. Hata hizo 810 hangeweza kuzitoa, maana soko lilikuwa limefungwa. Kiwanda kilipopata mwekezaji wa kukodi na moshi ukaonekana tena, wengine wakaanza kuuliza hisa zitarudi lini.

Wiki iliyopita nilimsimulia mzee haya yote, tangu 6.25 hadi mwisho. Alisikiliza kimya, akichora mistari mchangani kwa bakora, kama mifereji.

"Ulisema bei ya mwisho ilikuwa ngapi?"

"Senti 27, mzee."

Akafikiria kidogo.

"Na zinauzwa wapi?"