Milki za Kiislamu: Sababu za kuinuka na kuanguka kwake

MWEA, katika Kaunti ya Kirinyaga, iko mbali na bahari. Hata hivyo, mambo mawili ya kila siku huko yanaiunganisha na historia ya milki za Kiislamu. La kwanza ni mchele wa pishori, ambao asili ya mbegu yake ni Punjab, eneo lililotawaliwa na Wamughali wa Bara Hindi. La pili ni Kiswahili, lugha iliyoanza kuenea bara kwa misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani iliyokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar.

Katika karne ya 16 kulikuwa na milki tatu kuu za Kiislamu. Waothmani wa Uturuki waliuteka mji wa Konstantinopoli mwaka 1453. Wasafawi walishika Uajemi mwaka 1501, naye Babur, mwasisi wa Wamughali, akashinda vita vya Panipat mwaka 1526.

Nguvu zao zilitokana na mambo matatu: mizinga na bunduki, kodi ya mashamba iliyolipia majeshi, na uwezo wa kutawala watu wa dini na lugha mbalimbali. Waothmani walijaribu hata kuwasaidia Waswahili dhidi ya Wareno, lakini kamanda wao, Ali Bey, alishindwa Mombasa mwaka 1589.

Mfano ulio karibu zaidi na wasomaji wa Afrika Mashariki ni ule wa Waomani. Walimfukuza Mreno kutoka Muscat mwaka 1650, kisha wakaizingira Ngome ya Yesu, Mombasa, tangu Machi 1696 hadi ilipoanguka Desemba 1698.

Milki hiyo ilifikia kilele chake chini ya Seyyid Said bin Sultan, aliyetawala kuanzia 1806 hadi 1856. Aliwashinda Wamazrui wa Mombasa mwaka 1837, akahamishia makao yake Unguja, na kuhimiza kilimo cha karafuu. Alitia saini mikataba ya biashara na Marekani mwaka 1833, Uingereza mwaka 1839 na Ufaransa mwaka 1844.

Utajiri wake ulitegemea forodha zaidi kuliko upanga. Pembe za ndovu kutoka nyanda za kusini mwa Mlima Kenya zilifikishwa Mombasa na wafanyabiashara Wakamba. Mashuhuri kati yao alikuwa Kivoi wa Kitui, aliyempokea mmishenari Johann Ludwig Krapf mwaka 1849 na kuuawa karibu na Mto Tana mwaka 1851. Mamlaka ya Sultani hayakufika huko. Kilichofika ni mahitaji ya soko lake.

Mbegu za anguko zilikuwa ndani ya ustawi huo huo. Kwanza, hapakuwa na kanuni imara ya urithi. Said alipofariki baharini mwaka 1856, wanawe Thuwaini na Majid walizozana, na mwaka 1861 Waingereza wakaamua Oman na Zanzibar zitengane. Vivyo hivyo, Wamughali walidhoofishwa na vita vya urithi baada ya kifo cha Aurangzeb mwaka 1707.

Pili, uchumi ulisimama juu ya nguzo chache. Mashamba ya karafuu yalilimwa na watumwa, ambao mateso yao ndiyo yaliyolipia fahari ya kasri. Mwaka 1872 kimbunga kiliangamiza mikarafuu mingi ya Unguja. Mwaka uliofuata, Sultani Barghash alilazimishwa na Waingereza kufunga soko la watumwa.

Tatu, watawala walitegemea ulinzi wa taifa jingine. Uingereza, iliyokuwa rafiki, ndiyo iliyokubaliana na Ujerumani mwaka 1886 kumwachia Sultani visiwa na ukanda wa pwani wa maili 10 tu. Zanzibar iliwekwa chini ya ulinzi wa Uingereza mwaka 1890. Tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Kiingereza zililipiga kasri kwa mizinga, na vita vikaisha kwa muda usiotimia saa moja.

Si sahihi kudai kuwa dini ndiyo iliyoziangusha milki hizi, kwani dini hiyo hiyo ilikuwepo zilipoinuka. Wanahistoria wengi wa leo pia hawakubali kwamba Waothmani walikuwa wakididimia kwa karne nyingi mfululizo. Milki hiyo ilijirekebisha mara kwa mara na kudumu hadi usultani ulipofutwa mwaka 1922. Wasafawi waliupoteza mji wao mkuu, Isfahan, kwa Waafghani mwaka 1722, naye mfalme wa mwisho wa Wamughali aliondolewa na Waingereza baada ya maasi ya 1857.

Kwa Kenya, athari zilibaki muda mrefu. Waingereza walikodi ukanda wa pwani kutoka kwa Sultani mwaka 1895, na haki zake hazikukoma hadi uhuru wa 1963. Sultani mwenyewe, Jamshid bin Abdullah, alipinduliwa Zanzibar tarehe 12 Januari 1964. Miongoni mwa mambo yaliyoachwa nyuma ni mizozo ya umiliki wa ardhi pwani, ambako vizazi vingi vimeishi kama maskwota. Milki ilianguka, lakini hesabu yake haijafungwa.