Maji, Sabuni na Mikono ya Dobi: Historia ya Ufuaji wa Nguo Pwani ya Afrika Mashariki

Wanahistoria wa pwani ya Afrika Mashariki wameandika mengi kuhusu nguo: merikani iliyosafirishwa kutoka bandari ya Salem huko Marekani, kaniki iliyotiwa nili, kanzu nyeupe, na kanga zilizoenea mwishoni mwa karne ya 19. Kazi ya kuzifua nguo hizo, ambayo ilirudiwa katika kila nyumba kizazi baada ya kizazi, imepewa nafasi ndogo mno. Pengo hilo si dogo kama linavyoonekana, kwa sababu ufuaji ulikuwa miongoni mwa kazi nzito kuliko zote za nyumbani, na njia walizotumia watu kuipunguzia uzito zinaonyesha nani alimtumikia nani, mji ulipata wapi maji yake, na bidhaa gani zilivuka bahari. Katika nchi za viwanda historia hii husimuliwa kama historia ya mashine; Unguja, Mombasa, Dar es Salaam na Nairobi mashine ilifika mwisho, na muda mrefu kabla yake wepesi wa kazi ulitafutwa katika maji na katika sabuni, na zaidi ya yote katika kumtwika mtu mwingine mzigo.

Maji ndiyo yaliyokuwa kikwazo cha kwanza. Miji mingi ya kale ya pwani, ikiwemo Kilwa, Mombasa na Mji Mkongwe wa Unguja, imejengwa juu ya mwamba wa matumbawe, yaani chokaa iliyotokana na mabaki ya viumbe wa baharini, na visima vilivyochimbwa katika mwamba huo hutoa maji yenye madini ya kalsiamu kwa wingi. Maji ya namna hiyo huitwa maji magumu: madini yake hushikamana na sabuni na kuigeuza kuwa utando usioyeyuka, hivyo sehemu kubwa ya sabuni hupotea kabla povu halijaanza kutoka, na nguo nyeupe hubaki na rangi ya kijivu hata baada ya kufikichwa kwa muda mrefu. Penye visima vilivyo karibu na ufuo, chumvi iliongeza dhiki juu ya dhiki.

Dawa ya tatizo hili ilijulikana kabla ya kemia kulieleza. Maji ya mvua hayana madini hayo, na kwa hiyo ni laini. Jivu la kuni lililochujwa hutoa maji makali yanayokata mafuta. Na magadi, ambayo ni chumvi ya soda inayojikusanya katika maziwa ya Bonde la Ufa kama Ziwa Magadi na Ziwa Natron, yakiyeyushwa katika maji magumu huifanya kalsiamu igande na kutuama chini. Soda hiyohiyo ndiyo iliyochimbwa kwa wingi wa kiwandani baada ya kampuni ya Magadi Soda kuanzishwa mwaka 1911 na tawi la reli kujengwa kutoka Konza hadi ziwani.

Juu ya wingi na ubora wa maji kulikuwa na sharti la dini, ambalo watafiti wa maisha ya nyumbani hawapaswi kulipita. Waislamu wengi wa pwani hufuata madhehebu ya Shafii, na katika fikihi ya madhehebu hayo maji yasiyofikia kulla mbili, kipimo ambacho kwa hesabu ya leo huzidi lita 200, hunajisika mara tu najisi inapoingia ndani yake, hata kama rangi na harufu yake havijabadilika. Nguo yenye najisi, kwa hiyo, haitwahariki kwa kutumbukizwa tu katika beseni. Maji safi hupaswa kumiminwa juu yake. Usafi wa macho na twahara ni mambo mawili tofauti, na mfuaji alitakiwa kuyatimiza yote mawili kwa maji aliyoyabeba kichwani, kwa hiyo kila suuzo la ziada lilikuwa safari nyingine ya kisimani.

Safari hizo, katika nyumba za wenye mali, hazikuwa za wenye nyumba. Mpaka utumwa ulipopoteza hadhi yake ya kisheria, Unguja mwaka 1897 na pwani ya Kenya mwaka 1907, uchotaji wa maji na ufuaji katika nyumba hizo ulikuwa kazi ya watumwa, hasa wanawake, na wepesi aliouona bwana au bibi katika kanzu iliyoletwa safi ulikuwa uchovu wa mtu ambaye hakulipwa. Jambo hili lastahili kusemwa bila kulainishwa, kwa kuwa sifa nyingi zilizotolewa kwa unadhifu wa waungwana wa pwani zimekaa kimya kuhusu mikono iliyouzalisha. Hata taasisi zilizowapokea waliokombolewa hazikuwatoa mbali sana na beseni: katika shule ya wasichana ya misheni ya Kianglikana huko Mbweni, Unguja, iliyoanzishwa mwaka 1871, wasichana walioonekana hawafai kwa masomo ya vitabu walielekezwa kwenye kazi za mikono, na ufuaji ulikuwa mojawapo.

Mabadiliko makubwa ya kwanza hayakukusudiwa kwa ajili ya nguo. Kipindupindu kilichoikumba Unguja mwaka 1869 na 1870, ambacho daktari James Christie alikieleza kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1876, kilidhihirisha hatari ya mji uliosongamana kutegemea visima vya uani. Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888 na ambaye kabla ya hapo aliishi uhamishoni Bombay, alijenga mfereji na mabomba ya kuleta maji ya chemchemi za nje ya mji mpaka Mji Mkongwe. Hakuna chombo cha kufulia, cha mkono wala cha umeme, kilichopunguza kazi ya nyumbani mjini humo kwa kiasi cha mabomba hayo, maana yalifupisha sehemu ya kazi iliyokuwa nzito kuliko kufikicha kwenyewe.

Nafuu hiyo ilifuatwa punde na ongezeko la kazi. Waliotoka utumwani walijinunulia mavazi ambayo hapo awali yalikuwa alama ya uungwana, wanaume kanzu na kofia, wanawake kanga za rangi, na kanzu nyeupe ya Ijumaa haivumilii doa. Nguo ziliongezeka katika miaka ileile ambayo kazi ya kulazimishwa ilikuwa ikikoma, na hapo ndipo dobi alipopata soko.

Dobi ni mfuaji wa ujira, na ufundi wake ulitoka Bara Hindi, ambako kazi hiyo ilirithiwa ndani ya tabaka maalumu na ambako Bombay, mji uliofungamana na Unguja kwa biashara, ulikuwa na uwanja mkubwa wa madobi katika eneo la Mahalaxmi. Siri ya wepesi wake ilikuwa kukusanya. Nyumba moja ililazimika kuwasha moto, kuchemsha maji na kuandaa mahali pa kuanika kwa ajili ya nguo chache, ilhali dobi aliwasha moto mmoja kwa nguo za nyumba nyingi, akaziloweka pamoja, akazichemsha kwa soda, akazipiga juu ya jiwe, akazisuuza na kuzianika kwa mkupuo mmoja. Ili zisipotee, madobi wa Kihindi walitia kila nguo alama ndogo kwa wino wa kokwa ya mti uitwao bhilawa, wino usiofutika kwa sabuni, na hata dobi asiyejua kusoma aliweza kurudisha kila shati kwa mwenyewe.

Kumalizia nguo kulikuwa na maarifa yake. Pamba ikifuliwa mara nyingi huelekea umanjano, na buluu kidogo katika maji ya suuzo la mwisho huuficha umanjano huo, kwa kuwa jicho huona rangi hizo mbili zikiungana kuwa weupe. Wanga, ambao ungeweza kutokana na muhogo au mchele, haukuwa pambo tu: hufunika nyuzi, uchafu ukakaa juu ya wanga badala ya kupenya, na ufuaji unaofuata ukawa mwepesi. Pasi ya mkaa nayo ilikuwa na kazi ya afya. Katika sehemu nyingi za Afrika kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini au kutandazwa chini, na funza wake hupenya ngozi ya mvaaji; joto la pasi huwaua, na kwa sababu hiyo hata shuka na nguo za ndani zilipigwa pasi. Ubaya wa dobi ulikuwa jiwe lake, lililong'oa vifungo na kuchakaza pindo.

Reli ya Uganda, iliyofika Nairobi mwaka 1899, iliipeleka kazi hiyo bara. Katika mpango wa mji wa Nairobi kama ulivyokuwa mwaka 1906, mtaa wa madobi ulihesabiwa kuwa mojawapo ya sehemu saba za mji, sambamba na soko la Wahindi, makazi ya wafanyakazi wa reli na kambi ya jeshi. Katika nyumba za walowezi na maofisa, neno dobi lilikuja kumtaja mtumishi wa Kiafrika, mara nyingi mwanamume, aliyefua kwa mshahara, ilhali nguo za nyumbani kwake mwenyewe zilifuliwa na mkewe bila mshahara wowote.

Sabuni nayo ilikuwa na safari ndefu. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Marseille walinunua Unguja ufuta na mbata, yaani nyama ya nazi iliyokaushwa, ambazo mafuta yake yalitengeneza sabuni Ufaransa. Pwani iliuza mafuta ghafi na kununua sabuni iliyokwisha kutengenezwa. Uchungu wa biashara hiyo ni kwamba sabuni ya mafuta ya nazi hutoa povu hata katika maji ya chumvi, sifa iliyoifaa hasa miji yenye visima vya matumbawe. Ugumu wa maji ulishindwa kabisa baada ya Vita Kuu ya Pili, sabuni za unga zisizotokana na mafuta ya kawaida zilipoenea, kwa sababu hizo haziachi utando katika maji magumu. Vitambaa vilisaidia pia: poliesta, iliyovumbuliwa Uingereza mwaka 1941 na ambayo Waswahili waliizoea kwa jina la teteroni, hukauka upesi na haihitaji pasi nyingi, kwa hiyo ilipendwa kwa suruali na sare.

Mashine ya umeme ilipoingia ilikuta bomba lisilotegemeka. Utafiti wa Gilbert White, David Bradley na Anne White kuhusu matumizi ya maji majumbani Kenya, Uganda na Tanzania, uliochapishwa mwaka 1972, ulirudiwa miaka 30 baadaye katika maeneo yaleyale, na matokeo yakaonyesha kwamba nyumba zenye mabomba zilikuwa zikitumia takriban nusu ya maji ya awali kwa kila mtu. Mashine inayojivutia maji yenyewe haifanyi kazi katika mji wenye mgawo wa maji, na hiyo ni sababu mojawapo ya familia nyingi kuchagua mashine ya mapipa mawili, ambayo hujazwa kwa ndoo, pipa moja likifua na jingine likikamua. Familia nyingi zaidi humwita mama fua, mwanamke anayekwenda nyumba kwa nyumba na kulipwa kwa siku au kwa wingi wa nguo. Tofauti na dobi wa zamani, yeye hakusanyi nguo za nyumba nyingi mahali pamoja, bali huanza upya kila anakokwenda, kwa maji na beseni la mwenye nyumba, na akiugua siku hiyo halipwi.