Mataifa Mawili, Dola Ngapi?

Magazeti yetu yamezoea kuandika "suluhisho la mataifa mawili" kila yanapotaja ugomvi wa Waisraeli na Wapalestina, na msemo huo umekwisha kuota mizizi kiasi kwamba msikilizaji wa habari za jioni haulizi tena maana yake. Walakini ukipimwa kwa mizani ya lugha yetu wenyewe hautimii, kwa sababu taifa kwetu ni watu, na dola ni mamlaka yenye mpaka, hazina, mahakama na askari. Mataifa mawili katika nchi ile yako tangu zamani, na hapana azimio litakaloyaumba wala kuyafuta. Linalogombaniwa ni hesabu ya dola: iwe moja kwa wote, ziwe mbili mbalimbali, au ziwe mbili zilizofungamana kwa shirikisho. Ajabu ya shauri hili, nayo ndiyo iliyonitia hamu ya kushika kalamu, ni kwamba katika rai zinazonadiwa leo kuwa mpya sioni hata moja ambayo haikuwa imekwisha kuandikwa, kutetewa na kukataliwa kabla ya mwaka 1948.

Kipande kimoja cha habari hii kimepita mlangoni kwetu. Mwezi Desemba 1902 Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, alipanda garimoshi Mombasa akaenda bara, akapendezwa na nyanda za juu alizoziona. Na mwaka uliofuata, baada ya Wayahudi kuchinjwa katika mji wa Kishinev uliokuwa chini ya mfalme wa Urusi, serikali ya Uingereza ilimtolea Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni, yaani Wayahudi waliotafuta nchi ya taifa lao, ahadi ya ardhi ya maili za mraba zipatazo 5,000 katika uwanda wa Uasin Gishu, ulipo mji wa Eldoret leo, ili Wayahudi wakae na kujiendeshea mambo yao chini ya bendera ya Mwingereza. Vitabu vimeuita Mpango wa Uganda, ijapokuwa uwanda huo ulikuwa umekwisha kutolewa Uganda na kutiwa katika Himaya ya Afrika Mashariki. Katika kongamano la Wazayuni lililokutana Basel mwezi Agosti 1903, wajumbe 295 walikubali wapelekwe wachunguzi na 178 wakakataa, na miongoni mwa waliokataa walikuwamo Wayahudi wa Urusi kwenyewe, waliotoka ukumbini wakaketi sakafuni wakilia kama wafiwa, kwa kuwa kwao hapakuwa na nchi badala ya Palestina. Wachunguzi watatu walikuja, wakatembea, wakarudi na taarifa isiyotia moyo, na mwaka 1905 ahadi ikarudishwa kwa mwenyewe pamoja na shukrani. Wanandi na majirani zao, wenye kulisha ng'ombe pande zile, hakuna aliyewapigia hodi wakati wa kutoa wala wakati wa kurudisha.

Ahadi hiyo haikuzaa kitu, lakini adabu yake ya kugawa bila hodi haikufa. Tarehe 2 Novemba 1917 waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, Arthur James Balfour, alimwandikia Lord Rothschild, mkubwa wa Wayahudi wa Uingereza, barua fupi kuahidi kwamba serikali yake itasaidia kusimamishwa maskani ya taifa la Wayahudi katika Palestina. Neno dola halikutiwa, na halikusahauliwa. Liliachwa makusudi, ili kila msomaji alijaze kwa kadiri ya tamaa yake au hofu yake. Waarabu, ambao siku zile walikuwa takriban tisa katika kila wakaaji kumi wa nchi ile, hawakutajwa kwa jina lao: barua iliwaita jamii zisizo za Kiyahudi, ikawahifadhia haki za kiraia na za dini, na juu ya haki ya kutawala ikanyamaza. Mwaka 1922 Shirikisho la Mataifa likamkabidhi Mwingereza nchi hiyo aiangalie, na maneno ya barua yakaingizwa katika hati ya makabidhiano.

Miongoni mwa Wayahudi wenyewe walikuwako walioutambua mwanya huo mapema. Mwaka 1925, mwaka uleule Chuo Kikuu cha Kiebrania kilipofunguliwa juu ya Mlima Scopus, wanazuoni wachache wa Yerusalemu waliunda jamii iliyoitwa Brit Shalom, yaani Agano la Amani, wakashika rai kwamba nchi ile isiwe ya Wayahudi juu ya Waarabu wala ya Waarabu juu ya Wayahudi, bali iwe dola moja ya mataifa mawili, yenye sauti sawasawa bila kujali nani wengi na nani wachache. Mtetezi wao mkubwa alikuwa Judah Magnes, rabi mzaliwa wa Marekani na mkuu wa chuo hicho. Na mwaka 1942 yeye pamoja na mwanafalsafa Martin Buber waliunda chama cha Ihud kwa madhumuni yayo hayo. Rai yao ilikuwa njema na ufasaha wao ulikuwa mwingi, lakini ilikuwa na tundu moja lisilozibika kwa ufasaha, nalo ni uhamiaji. Mwarabu aliyetazama kila meli ikitia nanga Haifa aliona wingi wake ukimomonyoka, na Myahudi aliyekuwa na ndugu katika nchi zilizoshikwa na Hitler hakuweza kuambiwa asubiri mlango ufunguliwe kwa ridhaa ya mwingine. Mwezi Novemba 1946 Fawzi al-Husayni, mtu wa ukoo mkubwa wa Yerusalemu, alitia saini maafikiano na Wayahudi wenye rai hiyo, na kabla mwezi haujaisha aliuawa.

Waarabu nao walikuwa na rai yao ya dola moja. Mwaka huohuo wa 1946 Albert Hourani, kijana aliyekuja kuwa mwanahistoria mashuhuri, aliiambia tume ya Waingereza na Wamarekani kwamba haki iliyobaki ni dola moja ya kidemokrasia, ya raia walio sawa mbele ya sheria, ambayo kwa hesabu ya watu ingekuwa ya Kiarabu. Kwa hiyo Magnes na Hourani walitamka maneno mamoja, dola moja, na kila mmoja akimaanisha nyumba nyingine kabisa: huyu alipima mataifa, yule alihesabu vichwa. Tofauti hiyo ingali hai, na aghalabu wanaojadiliana juu ya dola moja siku hizi huipita bila kuigusa.

Shauri la kugawanya lilizaliwa na Waingereza. Waarabu walipogoma kwa miezi sita mwaka 1936 na mgomo ukafuatana na maasi, London ilipeleka tume chini ya Lord Peel, na taarifa yake ya Julai 1937 ikasema waziwazi kwamba Mwingereza ameahidi mambo mawili yasiyopatana. Ikashauri dola ndogo ya Wayahudi katika Galilaya na ukanda wa pwani, sehemu kubwa ya Waarabu iungwe na Transjordan, ng'ambo ya mto Yordani, na Yerusalemu na Bethlehemu zibaki mkononi mwa Mwingereza pamoja na njia ya kushukia baharini Jaffa. Lakini watu hawakukaa kwa mujibu wa ramani, basi tume ikashauri wahamishwe, hata kwa lazima ikibidi: Waarabu wapatao 225,000 upande huu, na Wayahudi 1,250 upande ule. Nimesoma mengi juu ya busara ya taarifa hiyo, na busara imo. Walakini mwenye kuziweka tarakimu hizo mbili sahani moja moja za mizani hatahitaji kuelezwa kwa nini Waarabu waliikataa. Wazayuni waligawanyika, wakakubali kuzungumza. Mwaka 1938 tume nyingine, ya Woodhead, iliyotumwa kuipima mipaka mahali pake, ilitengeneza ramani tatu ikasema hapana inayotendeka. Na mwaka 1939 serikali ileile ikageuka ikaahidi dola moja huru baada ya miaka 10, na Wayahudi wasiozidi 75,000 waingie katika 5 ya kwanza. Wayahudi wakaona wameuzwa katika saa yao mbaya kuliko zote, na Kamati Kuu ya Waarabu nayo ikakataa.

Mwaka 1947 Mwingereza alichoka, akautupia Umoja wa Mataifa mzigo wake. Tume ya mataifa 11 ilikwenda, ikarudi na mashauri mawili, na hapa ndipo mwenye kutafuta habari za shirikisho angepaswa kukaa kitako. Wengi, mataifa saba, walishauri dola mbili zenye umoja wa uchumi, na Yerusalemu iwe mbali chini ya ulimwengu wote. Wachache, nao ni India, Iran na Yugoslavia, walishauri dola moja ya shirikisho, mji wake mkuu Yerusalemu, yenye mabaraza mawili ya kutunga sheria, moja la kuchaguliwa kwa hesabu ya watu na moja la viti sawa baina ya Waarabu na Wayahudi. Yaani kichwa cha Hourani na mizani ya Magnes vilitiwa katika chombo kimoja. Shauri hilo halikupata kuhimiliwa na mtu: Waarabu hawakutaka viti sawa, Wazayuni hawakutaka kuwa jimbo. Tarehe 29 Novemba 1947 shauri la kugawanya lilipita kwa kura 33 dhidi ya 13, na 10 hawakupiga upande wowote. Afrika nzima ilikuwa na viti vinne: Liberia na Afrika Kusini ya makaburu wakakubali, Misri ikakataa, Uhabeshi ikajizuia. Wayahudi, waliokuwa theluthi moja ya watu, walipewa zaidi ya nusu ya nchi, na ndani ya sehemu yao Waarabu wangekaribia nusu ya wakaaji. Vita vikaanza kesho yake.

Mpaka uliokuja kutumika Yerusalemu haukutoka New York, kwenye Umoja wa Mataifa. Tarehe 30 Novemba 1948, katika nyumba iliyohamwa mtaa wa Musrara, Yerusalemu, makamanda wawili, Moshe Dayan wa Israeli na Abdullah el-Tell wa Transjordan, walitandaza ramani juu ya sakafu isiyo sawa, kila mmoja akachora mstari wa mahali askari wake walipofika, huyu kwa kalamu ya kijani, yule kwa nyekundu. Kalamu zilikuwa za nta, na nta huenea. Mstari ulikuwa na unene wa milimita tatu au nne, na kwa kipimo cha ramani ile, moja kwa 20,000, unene huo ni mita 60 hadi 80 za ardhi. Nyumba, maduka na vichochoro vilivyofunikwa na nta yenyewe vikawa havina mwenyewe, na kwa miaka mingi baadaye maafisa wa pande mbili walibishana juu ya upana wa kalamu. Nje ya ramani hiyo walikuwako wakimbizi wa Kipalestina zaidi ya 700,000, ambao hakuna aliyewachorea kitu.

Yaliyofuata nitayapita kwa haraka, maana ni marudio. Baada ya vita vya 1967, Israeli ikiwa imeishika nchi yote kutoka mto Yordani hadi bahari, Baraza la Usalama lilipitisha azimio la 242, ambalo kwa Kiingereza lataka majeshi yaondoke katika maeneo bila kijineno cha kuyabainisha kuwa ni yote, na kwa Kifaransa limesomeka kana kwamba ni yote. Kiswahili hakina kijineno hicho, na mfasiri wetu angepita salama asijue kwamba amevuka uwanja wa vita. Fatah, chama cha Wapalestina, ikatangaza lengo la dola moja ya Waislamu, Wakristo na Wayahudi. Mfalme Hussein wa Jordan mwaka 1972 akashauri ufalme wa shirikisho kati ya kingo mbili za Yordani. Na tarehe 15 Novemba 1988, mjini Algiers, Wapalestina wakatangaza dola yao kwa hati iliyoandikwa na mshairi Mahmoud Darwish, wakiegemea azimio lilelile la kugawanya lililokataliwa na Waarabu miaka 41 nyuma.

Watu wengi hudhani kwamba maafikiano ya Oslo ya 1993 yaliahidi dola mbili. Hayakuahidi. Yasser Arafat, kiongozi wa Wapalestina, aliikiri haki ya Israeli kuwako, na Yitzhak Rabin, waziri mkuu wa Israeli, akakikiri chama cha ukombozi alichokiongoza Arafat, PLO, kuwa msemaji wa watu wake, wala juu ya dola hapana neno. Mwezi mmoja kabla ya kuuawa kwake mwaka 1995 Rabin aliliambia bunge lake kwamba anachokusudia kwa Wapalestina ni kitu pungufu ya dola. Ukingo wa Magharibi ukakatwa maeneo A, B na C kwa muda wa miaka mitano, na C, ambayo ni takriban asilimia 60, ikabaki chini ya Israeli. Muda huo wa miaka mitano haujaisha hata leo. Walowezi wa Ukingo, bila kuhesabu Yerusalemu ya Mashariki, mwaka 1993 walikuwa wapatao 110,000. Sasa wamepita 450,000.

Kwa hiyo wako wanaosema nafasi ya dola mbili imekwisha kujengewa nyumba juu yake, kama Edward Said alivyosema mwaka 1999 alipoirejea dola moja; wako wanaojibu kwamba dola moja yenye Wayahudi milioni 7 na Wapalestina milioni 7 wasioaminiana ni vita chini ya paa moja; na wako Waisraeli na Wapalestina wanaotaka dola mbili katika nchi moja iliyo wazi, kila mtu akipiga kura kwao na kukaa apendapo. Tangu mauaji ya 7 Oktoba 2023 na uharibifu wa Gaza uliofuata, wasikilizaji wao wamepungua. Bunge la Israeli mwezi Julai 2024 lilipiga kura 68 kwa 9 kuikataa dola ya Palestina. Hamas, chama cha Kiislamu cha Wapalestina kilichofanya mauaji hayo ya Oktoba, katika waraka wake wa 2017 ilikubali dola ya mipaka ya 1967 bila kuitambua Israeli. Kwa rai yangu, kilichouangusha kila mpango si hesabu yake ya dola, bali ni kwamba daima alikuwako mmoja aliyeamini kuwa siku zitamfaa yeye kuliko mwenzake.

Tarehe 21 Septemba 2025 Uingereza iliitambua dola ya Palestina, miaka 88 baada ya taarifa ya Peel na karibu 108 baada ya barua ya Balfour. Mipaka yake, tangazo lilisema, itakamilishwa katika mazungumzo ya baadaye.