Embu, 2014: Gavana aliyetimuliwa mara mbili na asiondoke

Katiba ya Kenya ilitimiza miaka 15 mnamo Agosti 27, 2025. Ugatuzi husifiwa kwa zahanati na barabara zilizofika mashinani, na sifa hizo zina msingi. Swali la nani humbana gavana pesa za umma zinapotumika ovyo ndilo linalojibiwa kwa kigugumizi, ingawa jibu lake lilianza kuandikwa Embu miezi michache tu baada ya kaunti kuanza kazi.

Ugatuzi ulikuwa umetushinda mara moja kabla ya hapo. Serikali za majimbo za 1963 hazikudumu. KANU iliyokuwa ikitawala haikuzitaka, KADU iliyozipigania ikajivunja Novemba 1964, na jamhuri ilipozaliwa Disemba mwaka huohuo majimbo yalikuwa yamekwisha kung'olewa meno. Mabaraza ya miji na wilaya yaliyofuata yaliishi kwa hisani ya waziri wa Serikali za Mitaa aliyeketi Nairobi. Enzi za chama kimoja, aliyetuma pesa, aliyezitumia na aliyepaswa kuuliza zilikokwenda wote walikuwa na kadi ya chama hichohicho.

Katiba ya 2010 ilikusudia kukata mnyororo huo. Kaunti 47 zilipewa mabunge yao, na pesa zisizopungua asilimia 15 ya mapato ya taifa. Kifungu cha 181 kikaeleza makosa yanayoweza kumng'oa gavana, la kwanza likiwa ukiukaji mkubwa wa Katiba au sheria. Utaratibu wenyewe uko katika Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012: theluthi mbili ya wawakilishi wadi wapitishe hoja, kisha Seneti isikilize mashtaka na kuamua.

Martin Wambora, aliyewahi kuwa mbunge wa Runyenjes, alichaguliwa gavana wa kwanza wa Embu Machi 2013 kwa tiketi ya TNA, chama cha Rais Uhuru Kenyatta ndani ya muungano wa Jubilee. Kabla ya mwaka kuisha alikuwa na kesi ya kujibu mbele ya wawakilishi wadi. Walilalamikia ukarabati wa uwanja wa michezo wa Embu na ununuzi wa mbegu za mahindi walizodai kuwa duni, wakisema sheria za ununuzi na za fedha za umma zimevunjwa. Hapo ndipo kadi ya chama ilipokosa kuwa kinga. Mla nawe hafi nawe.

Mahakama Kuu ilitoa amri ya kusimamisha hoja ya kumng'oa. Wawakilishi wadi wakaipiga kura hata hivyo, Januari 28, 2014. Seneti ikaunda kamati ya maseneta 11 chini ya Boni Khalwale wa Kakamega. Kamati ikaona mashtaka yana uzito, na Februari 14 Seneti ikamng'oa Wambora. Hakuna gavana aliyekuwa ameng'olewa kabla yake. Naibu wake, Dorothy Nditi, ambaye sheria ingemkabidhi kiti, hakukikalia, kwa sababu Wambora alikimbilia kortini.

Ugomvi ukageuka. Embu haikuwa tena habari ya mbegu wala uwanja, ilikuwa habari ya Bunge na majaji: nani ana usemi wa mwisho? Aprili, majaji watatu walioketi Kerugoya wakabatilisha yote yaliyofanyika kwa sababu amri ya korti ilipuuzwa. Wambora akarudi ofisini. Wiki mbili hazikupita, Aprili 29, wawakilishi wadi wakamtimua mara ya pili, na katikati ya Mei Seneti ikaunga mkono tena. Akarudi kortini tena, na amri za muda zikamweka ofisini huku kesi ikipanda ngazi. Februari 2015 Mahakama Kuu ilikubaliana na Seneti. Disemba mwaka huo Mahakama ya Rufaa ikapindua.

Hukumu hiyo ya Rufaa inastahili kusomwa na kila diwani, samahani, kila mwakilishi wadi. Majaji walisema haitoshi kuonyesha kwamba sheria ya ununuzi imevunjwa mahali fulani katika kaunti. Ni lazima kosa lifungamanishwe na gavana mwenyewe. Ni haki, lakini ilikuwa zawadi kwa magavana wote: makaratasi hutiwa saini na maafisa wa chini, naye bosi akawa safi. Uchaguzi wa 2017 ulipofika, Jubilee ilimpa Wambora tiketi, akashinda. Baadaye magavana wenzake walimchagua mwenyekiti wa baraza lao.

Yaliyofuata yanajulikana. Ferdinand Waititu wa Kiambu aling'olewa Januari 2020 na Mike Sonko wa Nairobi Disemba mwaka huohuo, wote wa Jubilee. Katikati yao Anne Waiguru wa Kirinyaga, naye wa Jubilee, alipelekwa kwa kamati ya maseneta 11 na akaponea huko, ilhali wale wawili walihukumiwa na Seneti nzima. Kawira Mwangaza wa Meru, asiye na chama, aliponea mara mbili na kuangushwa Agosti 2024. Sitasema kila kura ilipigwa kwa ushahidi. Waititu alitiwa hatiani na mahakama kwa ufisadi Februari 2025, yaani miaka mitano baada ya Seneti kumaliza naye.

Kumng'oa gavana ni kelele za siku chache, na mara nyingi huanza pale wawakilishi wadi wanapokosana naye kuhusu pesa za wadi zao. Uwajibikaji wenyewe uko katika Kifungu cha 229: Mkaguzi Mkuu hutoa ripoti ya hesabu za kila kaunti, na bunge la kaunti lina miezi mitatu ya kuijadili na kuchukua hatua. Vikao hivyo havivutii kamera, na vyama havitoi amri ya kuvihudhuria. Ripoti ya kaunti yako iko katika tovuti ya Mkaguzi Mkuu. Isome, kisha umuulize mwakilishi wadi wako ilijadiliwa lini na nani alirudisha pesa.