Jinsi Watu Walivyopata Kuuona Ubongo wa Mtu Aliye Hai

Siri ya mtungi huijua kata, husema wazee. Lakini kuna mtungi mmoja ambao kwa karne nyingi haukuwa na kata: ni kichwa cha mwanadamu. Mganga wa hospitali aweza kugonga kifua na kusikiliza mapafu. Aweza kubonyeza tumbo na kutambua bandama iliyovimba. Ubongo lakini umefungwa na mfupa mgumu pande zote. Mtu akianguka kifafa, au akipooza upande mmoja, au mtoto akizimia kwa homa, waliomzunguka huona mwili tu. Yanayotendeka ndani hawayaoni. Na mahali pasipoonekana watu hupajaza maneno yao. Ndiyo maana katika nchi nyingi, za Ulaya na za Afrika vilevile, wenye kifafa walidhaniwa kuwa wamerogwa au wameingiwa na pepo, na majirani wasio na kosa wakasingiziwa. Basi, wasomaji wapenzi, tutazame leo jinsi mtungi huo ulivyopata kata yake.

Habari yaanza Ujerumani, mjini Würzburg. Tarehe 8 Novemba 1895 mwalimu wa fizikia, Wilhelm Röntgen, aligundua miale ipitayo katika nyama na kuzuiliwa na mifupa. Hiyo ndiyo miale ya picha ambazo sisi katika Kongo tunaziita radio. Mwaka 1901 Röntgen alipewa tuzo ya kwanza ya Nobel ya fizikia. Je, kichwa nacho kilikuwa kimefunguliwa? Hapana. Picha ilionyesha mfupa wa kichwa, pengine na risasi iliyonaswa ndani, lakini ubongo wenyewe, ulio laini, haukuonekana.

Mwaka 1918 Walter Dandy, daktari wa Baltimore huko Marekani, alipata shauri. Ndani ya ubongo mna vyumba vidogo vyenye maji. Dandy alitoboa fuvu, akatoa maji, akatia hewa mahali pake. Hewa ikatokea nyeusi katika picha, na umbo la vyumba likajulikana. Chumba kikiwa kimesogezwa upande, alijua kwamba kuna uvimbe unaokisukuma. Tena mwaka 1927, kule Lisbon, Ureno, Egas Moniz alitia dawa katika mshipa wa shingo, na mishipa ya damu ya ubongo ikaonekana kama mizizi ya mti.

Hizo ndizo kata za kwanza. Lakini zilikuwa kata za kuumiza. Hewa ile ilileta maumivu makali ya kichwa na kutapika, na wagonjwa wengine walikufa. Zaidi ya hayo, mara nyingi picha ilionyesha kile tu kilichosukumwa na ugonjwa, si ugonjwa wenyewe.

Mwanzo mmoja wa njia mpya ulikuwa hapa Afrika. Mwaka 1956 Allan Cormack, mwanafizikia aliyezaliwa Johannesburg, alikuwa akisaidia kazi za miale katika hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town. Akawaza hivi: picha ya kawaida hulaza vitu vyote juu ya karatasi moja, vya mbele na vya nyuma pamoja. Lakini miale ikipitishwa kutoka pande nyingi, hesabu zaweza kutuambia kila kitu kiko wapi. Aliitafuta hesabu hiyo, akaitangaza mwaka 1963 na 1964. Karibu hakuna aliyeijali.

Huko Uingereza mtu mwingine aliwaza jambo lilelile pasipo kujua habari za Cormack. Huyo ni Godfrey Hounsfield, mtoto wa mkulima, fundi wa mashine za umeme asiyepitia chuo kikuu. Yeye aliunda mashine yenyewe. Tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley mjini London, alilazwa ndani yake mwanamke aliyedhaniwa kuwa na uvimbe katika ubongo. Fuvu halikutobolewa, hewa haikutiwa. Mashine ilionyesha ubongo kipande kwa kipande, kama mtu akatavyo muhogo na kutazama ndani ya kila kipande. Na uvimbe ukaonekana. Mashine hiyo ndiyo skana. Mwaka 1979 Cormack na Hounsfield walipewa pamoja tuzo ya Nobel ya utabibu.

Baadaye ikaja mashine ya sumaku, isiyotumia miale ya Röntgen hata kidogo. Sumaku kubwa na mawimbi ya redio huamsha maji yaliyomo mwilini, na maji hayo hutoa habari za mahali yalipo. Paul Lauterbur alionyesha njia hiyo mwaka 1973 huko Marekani, na Peter Mansfield wa Uingereza akaiendeleza. Wote wawili wakapata tuzo ya Nobel mwaka 2003.

Labda msomaji atauliza: mgonjwa anapata nini? Tutoe mifano. Mtu akipooza ghafla, pengine mshipa wa ubongo umezibwa na damu iliyoganda, pengine umepasuka. Kwa nje hali hizo mbili hufanana. Mwaka 1995 madaktari wa Marekani walionyesha kwamba dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, ikitolewa ndani ya saa 3 za kwanza, huwasaidia wengi. Lakini dawa hiyohiyo, akipewa yule ambaye mshipa wake umepasuka, yaweza kumwua. Picha ndiyo inayotenganisha. Vivyo hivyo kwa kifafa: picha yaweza kuonyesha kovu, au uvimbe, au vifuko vya tegu wa nguruwe, ambavyo huingia mtu akimeza mayai ya tegu pamoja na uchafu. Hapo kisa si jirani, bali ni choo kibovu na mikono isiyooshwa.

Mfano wa tatu unatuhusu sana sisi tunaozika watoto kwa malaria. Mjini Blantyre, Malawi, madaktari walisumbuka miaka mingi. Watoto wawili walilala hawajitambui kwa malaria ya ubongo, hali yao moja, dawa yao moja; mmoja alikufa, mwingine akaamka akaomba uji. Kwa nini? Mwaka 2008 mashine ya sumaku ilifungwa katika hospitali ya Queen Elizabeth. Tangu 2009 hata 2011 watoto 168 walipigwa picha. Kati yao 25 walikufa, na 21 kati ya hao 25 ubongo wao ulikuwa umevimba vibaya tangu siku ya kuingia. Ubongo ukivimba ndani ya mfupa usiopanuka, husonga sehemu ya chini inayotawala pumzi, na mtoto huacha kupumua. Lakini baadhi ya waliopona nao walikuwa wamevimba, na picha zilizofuata zilionyesha uvimbe ukipungua. Habari hizo zilitangazwa mwaka 2015. Tangu hapo madaktari walijua watafute nini: njia ya kupunguza uvimbe, au ya kumsaidia mtoto kupumua mpaka siku za hatari zipite.

Kweli, picha haiponyi mtu, na mashine hizi ni ghali, nazo ziko mbali na vijiji vyetu vingi. Tena si kila kifafa huonekana katika picha. Kingine hakionyeshi kitu, na hata hivyo dawa hukituliza. Lakini yaliyogunduliwa huko ni yetu pia. Aliyepooza ghafla asingojeshwe nyumbani mpaka asubuhi. Mtoto mwenye homa na degedege apelekwe hospitali mara moja, kwa maana kila saa yahesabiwa. Na mtu akianguka kifafa, tusiulize ni nani aliyemroga. Tuulize zahanati iko wapi, tumpeleke.